Twende Dodoma wiki ya mkutano mkuu?

 

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mama mmoja wa Morogoro. Anasema huisoma safu hii kila Jumapili akitoka kanisani, na ameniruhusu nilieleze jambo lake bila kumtaja jina. Binti wa mdogo wake anafunga ndoa Dodoma Jumamosi ijayo, Januari 18, 2025. Yeye ndiye mama mkubwa, na kwa desturi ya familia yao mama mkubwa ndiye anayemshika mkono bibi harusi anapotoka nyumbani kwenda kanisani. Mumewe ameombwa atoe neno la baraka kwa niaba ya wazee. Mchango wameshatoa. Sare imeshashonwa. Lakini sasa mume amesema hatakanyaga Dodoma wiki hiyo, na angependa mkewe naye asiende.

Sababu huenda umeshaibaini. Januari 18 na 19, 2025, Chama Cha Mapinduzi kilipanga kufanya Mkutano Mkuu Maalumu Dodoma. Mume wa mama huyu ni mwanachama wa upinzani. Novemba 27, 2024, aligombea uenyekiti wa mtaa wake, akashindwa katika uchaguzi ambao hadi leo anaamini haukuwa wa haki. Baba wa bibi harusi ni kiongozi wa CCM katika kata yake. Tarehe ya ndoa ilipangwa tangu mwezi wa tisa, kwa hiyo hakuna aliyemtega mwenzake. Lakini mume anasema akienda atapigwa picha amesimama katikati ya mashati ya kijani, na kesho yake magrupu yote ya WhatsApp yataandika kwamba naye ameunga mkono juhudi. Anasema pia kwamba barabarani siku hizi hakuna usalama kwa watu kama yeye.

Mama anauliza: niende peke yangu, tusiende wote, au nimbembeleze mzee twende pamoja?

Nimeona nilijibu hapa kwa sababu swali hili si la nyumba moja. Jumanne ya Januari 21, 2025, siku mbili tu baada ya mkutano wa Dodoma kumalizika, Chadema nao walipanga kuwa katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, kumchagua mwenyekiti wao. Freeman Mbowe, aliyekiongoza chama hicho tangu 2004, alikuwa akichuana na aliyekuwa makamu wake, Tundu Lissu, na ushindani huo ulikuwa mkali. Nina hakika wapo wana CCM waliokuwa na safari zao za dukani Mlimani City ambao Jumanne hiyo hawatapita hata Barabara ya Sam Nujoma. Ndani ya siku nne, watu wa miji miwili watakuwa wanajiuliza swali lilelile: je, niende mahali ambapo wale wengine wamekusanyika?

Hofu zina majina tofauti

Kabla ya kuamua, tuzitenganishe hofu zetu. Mtu akizifunga zote katika kifurushi kimoja huandika juu yake neno "busara", na hapo hakuna tena anayethubutu kukifungua.

Ya kwanza ni ya usumbufu. Mkutano Mkuu wa CCM una wajumbe wanaokaribia 2,000 kutoka mikoa yote ya Bara na Zanzibar. Ongeza waalikwa, waandishi wa habari, madereva, walinzi na wafanyabiashara wanaofuata umati. Gesti hujaa mapema na bei hupanda. Barabara zinazoelekea Ukumbi wa Jakaya Kikwete hufungwa kupisha misafara. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, imerahisisha sana safari, lakini viti vyake si vya kuunga kama ugali. Haya yote ni kweli, na dawa yake ni kukata tiketi mapema na kulala kwa ndugu. Hayahitaji mahubiri.

Ya pili ni ya usalama, na hii naomba tusiicheke. Septemba 6, 2024, Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, aliteremshwa kwenye basi na watu wenye silaha akiwa safarini kwenda Tanga. Baadaye mwili wake ulipatikana. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Mtu wa upinzani anayepanda basi mwaka huu akiwa na wasiwasi moyoni hana imani haba. Ana kumbukumbu.

Ya tatu ni hofu ya macho ya watu. Wataniona. Watasemaje? Picha itafika wapi? Hofu hii ni ndugu wa kiburi ingawa huvaa nguo za unyenyekevu. Mwenye nayo haulizi lililo jema. Anauliza litakaloonekana.

Ya nne si hofu, ni dhamiri. Mtu anasema: sitakwenda kwa sababu kwenda kwangu kutahesabika kama kukubali jambo nisilolikubali. Kususia kuna heshima yake katika historia ya imani yetu. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mezani pa mfalme. Mkristo hawezi kumdharau mtu anayekataa jambo kwa dhamiri safi.

Mama mpendwa, kazi ya kwanza ya nyumba yenu ni kukaa mezani na kuulizana: kati ya hizi nne, inayotuzuia ni ipi hasa? Usishangae mkikuta mzee anaitaja ya nne mbele za watu huku usiku anasumbuliwa na ya tatu. Wengi wetu tuko hivyo.

Mtume mmoja, maamuzi mawili

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonyesha mtu mmoja aliyekabiliwa na swali hili mara mbili na akajibu tofauti.

Mara ya kwanza ni katika sura ya 19. Mjini Efeso, Demetrio mfua fedha aliwachochea mafundi wenzake dhidi ya Injili kwa kuwa ilitishia biashara yao. Mji ukachafuka. Watu wakakimbilia uwanja wa michezo wakiwaburuta Gayo na Aristarko, wenzake Paulo, na Mwandishi anatuambia kwamba walio wengi hawakujua hata kwa nini walikuwa pale. Paulo alitaka kuingia. Wanafunzi wakamzuia, na baadhi ya wakubwa wa Asia waliokuwa rafiki zake wakamtumia ujumbe wa kumsihi asiingie. Akawasikiliza. Aleksanda aliyejaribu kusema alizimwa kwa kelele za karibu saa mbili. Kuingia kwa Paulo kusingewaokoa wenzake, kungeongeza moto. Aliyetuliza mji alikuwa karani wake.

Mara ya pili ni katika sura ya 21. Paulo yuko Kaisaria, nyumbani kwa Filipo, akielekea Yerusalemu. Nabii Agabo anachukua mshipi wa Paulo, anajifunga miguu na mikono, na kusema kwamba hayo ndiyo yanayomngoja mwenye mshipi. Watu wote wanalia na kumsihi asiende. Tena angalia wakati wenyewe: Paulo alikuwa akiharakisha afike kwa Pentekoste, yaani siku ambazo Yerusalemu ilikuwa imefurika watu na minong'ono imejaa. Lakini safari hii hakusikia. Alikwenda.

Je, alikuwa mwoga Efeso na shujaa Kaisaria? Hapana. Tofauti iko katika kilichompeleka. Waraka kwa Warumi, sura ya 15, unaeleza kwamba makanisa ya Makedonia na Akaya yalikuwa yamechangia maskini wa Yerusalemu, na Paulo ndiye aliyeupeleka mchango huo. Kulikuwa na watu wenye shida waliokuwa wakimsubiri. Efeso alikuwa akiitwa na kelele. Yerusalemu aliitwa na deni la upendo.

Na kuna jambo moja dogo ambalo wengi huliruka. Wale wanafunzi wa Kaisaria waliolia na kumzuia, alipokataa kuzuilika, hawakumnunia. Baadhi yao walifuatana naye hadi Yerusalemu na kumpeleka alale kwa Mnasoni wa Kipro. Walishindwa hoja, lakini hawakumwacha mwenzao ahangaike kutafuta pa kulala katika mji uliojaa. Mama, hilo ni neno lenu wawili. Yeyote kati yenu atakayeshindwa katika mjadala huu asimwache mwenzake aende peke yake stesheni.

Kutokwenda kwako kutampata nani?

Sasa naomba nizungumze na mzee mwenyewe. Ndugu yangu, sikufahamu, lakini nakuheshimu. Sitakuambia kwamba kidonda chako ni cha kufikirika. Katika uchaguzi ule wa Novemba matokeo yaliyotangazwa yaliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Vyama vya upinzani vililalamikia wagombea kuenguliwa na mengine mengi. Serikali ikasema uchaguzi ulikwenda vizuri. Mtu aliyejinyima, akapita nyumba kwa nyumba, kisha akaambiwa yameisha, ana haki ya kuumia. Na kanisa linalomwambia asahau haraka ili asiharibu sherehe halimtendei haki.

Lakini nina swali moja: kutokwenda kwako kutampata nani?

Mkutano Mkuu hautajua kwamba hukuja. Hakuna atakayesimama mbele ya wajumbe 2,000 na kutangaza kwamba mzee mmoja wa Morogoro amesusia. Hawakukualika, hawakukutarajia, hawatakuhesabu. Lakini katika ukumbi mwingine wa jiji hilohilo kutakuwa na kiti kitupu kwenye meza ya wazee, na bibi harusi atakiona. Atakiona akiingia, atakiona akikata keki, atakiona mshereheshaji atakapotafuta mtu mwingine wa kutoa neno la baraka. Miaka 20 ijayo hatakumbuka nani alichaguliwa kuwa nani wiki ile. Atakumbuka kile kiti.

Kususia ni kama jiwe: kabla ya kulirusha, angalia litaangukia wapi. Ukisusia chakula cha mfalme, ujumbe unamfikia mfalme. Ukisusia harusi ya binti yako kwa sababu mfalme yuko mjini, mfalme hana habari, na damu inamtoka mtoto. Vita vya panzi, hapo, vinamfurahisha nani?

Kwenda harusini si kusaini matokeo ya uchaguzi. Hakuna sehemu katika Biblia wala katika Katiba ya nchi inayosema kwamba mtu akila pilau mezani pa mwanachama wa chama fulani amejiunga nacho.

Nami niseme langu. Julai 2015 nilikuwa nimeahidi kwenda Dodoma kumwona mzee aliyenifundisha katekisimu nikiwa mtoto. Alikuwa mgonjwa, na mwanaye alinipigia simu kwamba mzee ananiulizia. Ilikuwa wiki ile CCM walipokuwa wakimtafuta mgombea urais. Watu 42 walikuwa wamechukua fomu, mji umefurika, redio na magazeti hayana habari nyingine. Nikasema, acha fujo hizi zipite, nitakwenda wiki ijayo kwa utulivu. Ukweli ni kwamba sikuogopa fujo. Niliogopa kuulizwa na wenzangu nimefuata nini huko. Jumapili Julai 12 John Magufuli alitangazwa kuwa mgombea, na watu wakaanza kurudi makwao. Jumatano nikapigiwa simu nyingine na yule kijana. Nilikwenda Dodoma, ndiyo, nikapata chumba kwa bei ya kawaida na barabara zilikuwa nyeupe. Nilikwenda kuzika.

Sikuandika hili ili nikutishe. Nimeandika ili ujue kwamba anayekushauri si mtu aliyewahi kufaulu mtihani huu.

Mji si wa mkutano

Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba mji unaopokea mkutano unageuka kuwa mali ya wenye mkutano. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa na TANU mwaka 1973, ni kweli, lakini mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Ya nchi. Ni yako wewe wa kijani, wewe wa kombati, na wewe usiye na kadi yoyote. Sensa ya 2022 ilihesabu katika jiji hilo watu zaidi ya 700,000. Jumamosi ijayo walio wengi hawatakuwa mkutanoni. Soko la Majengo watauza nyanya. Hospitali ya Benjamin Mkapa wauguzi watabadilishana zamu. Kuna atakayejifungua na kuna atakayezikwa. Na kuna binti atakayeolewa.

Ndivyo ilivyo pia kwa Mlimani City Jumanne ya Januari 21. Ukiwa na dawa ya kununua, kanunue dawa. Ukikutana na mtu wa kombati mlangoni, msalimie. Tukianza kugawana miji, barabara na maduka kwa rangi za vyama, kesho tutagawana makanisa, na baadhi ya mitaa imeshaanza.

Kwa wanaokwenda, mnakwenda kufanya nini?

Haitakuwa haki nimhoji anayekataa kwenda tu, nimwache anayekwenda. Mwaka 2025 ulikuwa wa uchaguzi mkuu. Wapo ndugu zetu waamini watakaofunga safari kwenda Dodoma bila kuwa wajumbe, bila kualikwa, bila mgonjwa wa kumwona wala ndoa ya kuhudhuria. Wanakwenda kuonekana. Watasimama pale korido ya hoteli mpaka mkubwa fulani apite. Na Jumapili asubuhi utawakuta kiti cha mbele kanisani, katika jiji ambalo kwa kawaida wakifika hata saa za ibada hawazijui.

Kuwa mjumbe si dhambi. Siasa ni kazi, na kanisa linawahitaji Wakristo waadilifu wanaoifanya. Kama wewe ni mjumbe, nenda, kaa kwenye kiti chako, na kura yako ipige kwa hofu ya Mungu. Lakini kama unakwenda kujipendekeza, swali langu kwako ni lilelile la Efeso: unajua kwa nini uko pale, au uko katikati ya wale wengi wasiojua?

Na wewe baba wa bibi harusi, kama gazeti hili limekufikia, nina ombi. Unaujua msimamo wa shemeji yako, na unajua itamgharimu nini kuja. Basi mfanyie njia. Mwambie mshereheshaji asipige "Kidumu" ukumbini. Waambie wageni wako watakaotoka mkutanoni wabadili mashati kabla ya kuingia, kwa sababu siku ile rangi ni ile aliyoichagua bibi harusi. Usimsukume mzee kwenye picha na viongozi. Na mkipata nafasi ya kukaa wawili, muulize habari za Novemba na umsikilize hadi mwisho bila kumjibu. Mwenye nguvu ndiye anayepaswa kuanza kusogea. Ukimwalika mtu uliyemshinda kisha ukamfanya pambo la ushindi wako, hiyo si karamu.

Na ninyi wenye gesti Dodoma mnaosali nasi: mnajua kisa cha Bethlehemu kuliko mimi. Hakuna anayewakataza kupata faida wiki ya mkutano. Lakini akija mtu anayemfuata mgonjwa wake Mkapa, asiye na posho ya chama chochote, mwacheni alale kwa bei ya jana.

Divai ilipokwisha

Leo, katika makanisa yanayofuata kalenda hiyo, tumeadhimisha Ubatizo wa Bwana. Luka anasimulia kwamba Yesu alibatizwa pamoja na watu wote. Alisimama kwenye foleni ya wenye dhambi, akiwemo mtoza ushuru na askari, bila kuogopa kwamba atahesabiwa kuwa mmoja wao. Hakusubiri foleni iishe ili aingie mtoni akiwa peke yake na picha yake itoke vizuri.

Na Jumapili ijayo, Januari 19, siku ambayo wajumbe watakuwa ukumbini, Injili itakuwa ya harusi ya Kana. Mimi sikupanga, kalenda imejipanga yenyewe. Nchi ya Yesu ilikuwa chini ya Warumi. Galilaya ilikuwa chini ya Herode Antipa, ambaye baadaye alimkata kichwa Yohane. Sababu za kukaa nyumbani na kununa zilikuwepo tele. Lakini alialikwa harusini, akaenda, na mama yake alikuwepo. Divai ikaisha. Nani aliona? Aliyekuwa pale. Aliyebaki nyumbani na msimamo wake haoni kwamba divai imekwisha, na hawezi kumwambia yeyote.

Baadaye Yesu aliwakalisha meza moja Simoni, aliyeitwa Zelote, na Mathayo aliyekuwa mtoza ushuru. Waliotokea pande hizo mbili hawakuwa watu wa kukaa pamoja. Injili haituambii kwamba walikubaliana kuhusu kodi ya Kaisari. Inatuambia kwamba wote wawili walikuwepo.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Wewe nenda. Mkono wa bibi harusi unakusubiri, na huo ni wito wa kutosha. Nendeni Ijumaa, kabla jiji halijajaa. Laleni kwa ndugu. Mwambieni mtu mnayemwamini mnasafiri na chombo gani na saa ngapi. Jumapili salini hukohuko, msikie habari za Kana, kisha mrudi.

Kwa mzee ninasema kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mimi sitapanda gari hilo naye. Kama ukipima kwa utulivu, na watu wanaokupenda wakipima nawe, mkaona kuna hatari ya kweli kwa maisha yako, usiende. Paulo hakuingia uwanjani Efeso, na Yohane sura ya 7 inatuambia kwamba hata Bwana, ndugu zake walipomsukuma aende sikukuu ajionyeshe, alikataa kwenda wakati wao. Alikwenda baadaye, kimyakimya. Basi na wewe mpigie bibi harusi simu kabla ya Jumamosi. Usimtume mkeo. Mwambie kwa mdomo wako kinachokuzuia, mbariki kwenye simu, na umwambie tarehe utakayofika kumwona yeye na mumewe katika nyumba yao. Kisha ufike.

Lakini kama kinachokuzuia ni picha, ndugu yangu, vaa koti lako, nenda kakae kwenye kile kiti. Watakaoandika kwenye magrupu wataandika siku mbili, watapata habari nyingine. Ukipewa kipaza sauti, usiitaje Novemba na usiutaje mkutano. Mtakie mtoto nyumba ambayo watu wasiokubaliana watakula pamoja.

Na wewe msomaji mwingine, ambaye wiki hii una safari ya Dodoma au ya Dar es Salaam na umeanza kusita, kabla hujaifuta jiulize maswali mawili tu: nani ananisubiri kule, na nisipokwenda, nitakuwa nimemkosesha nani?

Nawatakia Jumapili njema.